Kibao cha Arobaini na Moja

Hapo zamani, zamani ya karibu tu ambayo wengine wenu mngeweza kuigusa kwa mkono, palikuwa na mji mdogo wa milimani ulioitwa Itebela. Mvua ilinyesha huko karibu kila siku. Migomba ilisongamana mpaka milangoni mwa nyumba. Na palikuwa na hospitali moja yenye daktari mmoja, mwanamke, jina lake Subilaga.

Daktari Subilaga alikuwa hodari, tena mwepesi. Aliweza kushona kidonda huku akimuuliza mgonjwa habari za ng'ombe wake, na kabla mgonjwa hajamaliza kumsifu ndama, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini hakuwa na utulivu. Akiketi, mguu wake wa kulia uligonga sakafu. Akila, alikula amesimama. Akianza jambo lolote la kwake mwenyewe, hata kufunga kamba ya kiatu, sauti ilitoka mlangoni:

"Daktari, unaitwa!"

Naye alikwenda.

Alipofika Itebela mara ya kwanza, alikuta watu wanasukumana mlangoni. Wenye nguvu walitangulia. Wenye ndugu hospitalini walipitia nyuma. Vikongwe walibaki mvuani. Jambo hilo lilimchukiza. Akamwendea fundi seremala, akamwambia amkatie vibao arobaini, kila kimoja kichomwe namba kwa msumari wa moto. Kuanzia siku hiyo mlinzi aligawa vibao kila asubuhi, na Daktari akatangaza:

"Mwenye kibao nitamwona. Asiye na kibao, kama hajazidiwa, arudi kesho. Mlango wa nyuma nimeufunga. Hata kwa mwenyekiti. Hata kwa mtu wa nyumbani kwangu."

Watu walicheka, lakini walitii, na vikongwe walimwombea dua.

Fundi alikosea kuhesabu, akakata vibao arobaini na kimoja. Kile cha ziada Daktari alikiweka mezani kwake, akawa anakiwekea kikombe cha chai. Chai yenyewe ilipoa kila siku kabla hajaifikisha nusu.

Sasa sikilizeni alichokitaka mtu huyu. Hakutaka gari wala nyumba ya ghorofa. Alitaka kucheza mchezo mmoja wa mpira wa pete, mmoja tu, kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Shuleni alikuwa mfungaji. Akisimama chini ya goli na mpira mikononi, hata walimu waliacha kusahihisha madaftari wakatoka nje kumtazama. Kisha yakaja masomo ya udaktari. Kisha ikaja ndoa. Kisha akaja mtoto. Kisha ikaja Itebela.

Wanawake wa sokoni walikuwa na timu. Nahodha wao aliitwa Mama Lugano, muuza parachichi, mwenye sauti inayosikika kijiji cha pili. Alimpa Daktari jezi.

Mara ya kwanza Daktari alicheza dakika tano. "Daktari, unaitwa!" Akaenda kuzalisha akiwa bado na jezi mwilini.

Mara ya pili alicheza dakika tisa. "Daktari, unaitwa!" Mtu alikuwa ameanguka kutoka mtini.

Mara ya tatu aliupata mpira, akainua mikono, akalenga. "Daktari, unaitwa!" Akauweka mpira chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akaondoka.

Mara ya nne hakufika hata uwanjani.

Mama Lugano alimfuata hospitalini. "Daktari, tunakupenda kweli, lakini kila ukija tunamaliza tukiwa sita badala ya saba. Bora nimpange Sekela. Hajui kufunga, lakini yupo."

"Nivumilieni kidogo, Mama Lugano."

"Kidogo? Tumekuvumilia mpaka jezi yako imepauka bila kuvaliwa!"

Jumapili moja mchana, mume wa Daktari na binti yao walimletea chakula hospitalini, ndizi na maharage ndani ya hotpoti. Mume aliitwa Anyosisye, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Binti aliitwa Tusekile, alikuwa na miaka tisa. Kwenye benchi walipoketi alikuwepo kijana Mwaisaka, tabibu wa hospitali, naye akakaribishwa. Daktari alitia tonge la kwanza mdomoni.

"Daktari, unaitwa!"

Aliporudi, ndizi zilikuwa zimepoa na wengine walikuwa wameshakula. Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akakiinua kikombe mezani, akakichukua kile kibao cha arobaini na moja.

"Nisikilizeni nyote watatu," alisema. "Miaka minne sijapata siku moja. Mimi mwenyewe nimeshindwa kuipata, kwa sababu nikijaribu, mguu unanirudisha wodini. Basi atakayeniwezesha kupata siku moja nzima, jua kuchomoza mpaka jua kuzama, nitamkabidhi kibao hiki. Siku hiyo itakuwa yake. Atakachotaka ndicho nitakachofanya."

"Unaapa?" aliuliza Mwalimu Anyosisye.

"Naapa."

"Mbele ya Tabibu?"

"Mbele ya Tabibu na mbele ya ndizi zenu zilizopoa."

Hapo ndipo alipokosea. Alidhani siku ya mtu kama yeye inaweza kupatikana kwa mkono wa mtu mmoja.

Wa kwanza kuanza alikuwa Mwaisaka. Alikuwa amesomea upasuaji, lakini hakuwa amewahi kumpasua mtu peke yake, na bila mtu mwingine wa kupasua, Daktari asingeweza kutoka Itebela hata kwa nusu siku. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Basi akaanza kuufundisha mkono. Alifunga mafundo ya uzi kwenye mguu wa kitanda. Alishona maganda ya ndizi. Miezi saba alisimama kando ya Daktari, kwanza akishika taa, kisha akishika uzi, kisha akishika kisu. Katikati ya miezi hiyo mkewe alikwenda Kyela kwa mama yake, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza, akajifungua. Mwaisaka hakwenda. Wiki ile kulikuwa na akina mama wawili wa kupasuliwa, naye alitaka kujifunza. Mwanawe alimwona kwenye simu.

Mwezi wa saba alipasua peke yake. Daktari alisimama nyuma, mikono mgongoni. Mtoto alitoka, akalia. Daktari akasema, "Leo sikukusaidia hata kwa jicho."

Wa pili alikuwa Mwalimu Anyosisye. Yeye alikwenda wilayani kumwombea mkewe ruhusa. Mara ya kwanza aliambiwa hakuna daktari wa kuwaazima. Mara ya pili mkubwa yuko kikaoni. Mara ya tatu lete barua. Mara ya nne barua haina mhuri. Mara ya tano mhuri umekaa vibaya. Alikwenda mara kumi na moja, na kila kipindi alichokosa darasani alikifidia Jumamosi, huku wanafunzi wakinung'unika. Mara ya kumi na moja akakuta habari za Mwaisaka zimeshafika. Mkubwa akasema, "Kama yupo wa kupasua, basi mkeo apumzike Jumamosi moja, yoyote kabla mwezi haujaisha. Mwezi ukiisha, ruhusa imekwisha." Akapiga mhuri.

Mwalimu alirudi anakimbia. Daktari aliisoma ile karatasi, akaibusu, akaitia kwenye droo.

Jumamosi ya kwanza akasema, "Kuna mama wa mapacha. Wiki ijayo."

Jumamosi ya pili akasema, "Kuna mzee simwelewi kifua chake. Wiki ijayo."

Jumamosi ya tatu alitoka nyumbani kabla hawajaamka.

Ikabaki Jumamosi moja.

Wa tatu alikuwa Tusekile. Jioni ya Jumatatu mama yake alikuwa ameanza kumsuka nywele. Alimsuka upande wa kushoto mpaka katikati ya kichwa. "Daktari, unaitwa!" Mtoto akasubiri na kitana mkononi. Asubuhi akaenda shule hivyo hivyo, na wenzake wakampokea getini:

"Jamani, njooni mwone shamba la Mwalimu! Nusu limelimwa, nusu pori!"

"Mvua ikinyesha utaota magugu, Tuse!"

Asubuhi iliyofuata Tusekile alivaa sare, akabeba mkoba, lakini hakwenda shule. Alikwenda hospitalini, akapanga foleni, akapewa kibao namba kumi na saba. Akaketi kwenye benchi katikati ya watu wanaokohoa.

Bibi mmoja akamtazama. "Wewe si mtoto wa Daktari? Pita ndani, mjukuu wangu, kwa nini unateseka huku?"

"Mama alifunga mlango wa nyuma, Bibi."

"Kwani nani anaumwa?"

"Nimekuja na namba yangu tu, Bibi."

Zamu yake ilipofika, Daktari hakuinua macho. Alikuwa bado anaandika habari za namba kumi na sita.

"Karibu, kaa. Unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Umemleta nani?"

"Nimejileta."

Daktari akainua macho. "Tuse! Na shule?"

"Nimekuja kukuona, Mama. Nina kibao." Akakiweka mezani, pa, kama watu wazima.

"Si ungenisubiri nyumbani, mwanangu?"

"Nyumbani hakuna vibao."

Mguu wa Daktari ulikuwa ukigonga sakafu. Ukasimama.

"Mgonjwa mmoja unampa dakika ngapi?" aliuliza Tusekile.

"Kumi."

"Basi nisuke dakika kumi."

Daktari akamsuka. Dakika kumi zilitosha mistari miwili tu. Kisha akafungua droo, akaitoa ile karatasi ya ruhusa, akaandika juu yake tarehe ya Jumamosi ile iliyobaki, akamkabidhi mlinzi aipeleke kwa msimamizi wa zamu kabla yeye mwenyewe hajabadili mawazo. Kisha akaita, "Namba kumi na nane!"

Nisifiche kitu. Siku hiyo mzee mmoja alifika vibao vikiwa vimekwisha, akakosa kwa kimoja tu. Aliambiwa arudi kesho. Akageuka, mwendo wa saa mbili, na goti lake limevimba.

Jumamosi ikafika. Jua likachomoza bila mvua, jambo la nadra Itebela. Daktari aliketi uani kwake juu ya kiti, na kibao cha arobaini na moja kikawa juu ya kigoda mbele yake. Hakuna aliyemwita kutoka wodini, lakini masikio yake yalikuwa yanasikiliza tu. Mguu ukaanza.

Siku hiyo hiyo, saa nne, ilikuwa fainali ya mpira wa pete. Wanawake wa sokoni walicheza na wachuma chai. Sekela alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, na Mama Lugano alikwishapita alfajiri akipiga kelele nje ya uzio: "Daktari! Leo usipokuja tunaingia sita, na mwakani timu haipo! Umesikia?"

Alikuwa amesikia. Mtaa mzima ulikuwa umesikia.

Mwaisaka alivuka barabara kutoka hospitalini, koti jeupe mwilini. "Nina nusu saa tu kabla ya kupita wodini," alisema. "Kwa hiyo nitasema wa kwanza. Daktari, kibao ni changu. Bila mkono wangu, hii ruhusa ingekuwa karatasi ya kufungia maandazi. Na ninachotaka si wewe upumzike. Ninataka kwenda mimi. Mwanangu ana miezi mitatu. Nimewapokea watoto wa watu thelathini, wangu sijamshika. Nipe siku hii niende Kyela, wewe ukae kazini."

"Hee!" Mwalimu Anyosisye akaruka. "Yaani nipande gari mara kumi na moja ili mke wangu aende kazini? Tabibu, ndaga, asante sana kwa kujifunza, lakini ulikuwa unajifunza kazi yako. Mimi niligombea jambo lisilo langu. Mama Tusekile, kibao ni changu. Twende kijijini kwa mama. Miaka minne anakutengea kiti, kila sikukuu, na kila sikukuu kiti kinabaki kitupu. Unajua wanasemaje huko? Wanasema mke wa Anyosisye anayajua matumbo ya watu wote, ila chungu cha mkwe wake hakijui. Mama ana miaka themanini na mbili. Atatenga hicho kiti mara ngapi tena?"

Tusekile alikuwa amesimama kando, na nywele zake bado nusu. "Baba, barua yako ilikaa kwenye droo," alisema.

"Ilikaa, lakini ilikuwepo."

"Ilikaa Jumamosi tatu. Mimi ndiye niliyeitoa. Kibao ni changu. Sitaki kwenda popote. Nataka Mama akae hapa, aketi, amalize kichwa changu, halafu akae tu. Hata kama tumemaliza, akae tu."

Mwaisaka akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, na yule mzee wa goti? Kibao ulichokaa nacho kilikuwa chake."

Tusekile akainamisha kichwa. Kisha akakiinua. "Mimi nilipanga foleni," alisema. "Nilifika kabla yake."

Wote watatu wakamgeukia Daktari. Naye alikuwa amesimama bila kujua kama amesimama.

"Na mimi je?" aliuliza.

Akawatazama mmoja mmoja.

"Mwaisaka, huo mkono nani aliufundisha? Mwalimu, hiyo barua ilikuwa na jina la nani? Mmeipigania siku yangu mpaka imekuwa yenu. Watu wote wa mji huu nimewaita kwa namba, kwa zamu, bila upendeleo. Namba yangu mimi ni ipi? Nikibaki wodini, nikienda kijijini, nikikaa hapa... Nawaambia ukweli. Nikienda kwa mama mkwe, nitakaa kwenye kile kiti nikigonga mguu, na yeye ataona. Nikikaa hapa, nitamsuka mwanangu huku nikiangalia barabara. Kuna mahali pamoja tu ambapo mguu huu hutulia, nao ni chini ya goli. Nikipata saa moja ya kutulia, labda nitarudi mtu anayefaa kukaa na ninyi. Labda. Sijui. Sijawahi kuimaliza hiyo saa."

"Nikija uwanjani utaniona?" aliuliza Tusekile.

Daktari hakuwa mtu wa kudanganya wagonjwa, wala hakuweza kumdanganya mtoto. "Hapana, mwanangu. Nitakuwa natazama goli."

"Lakini uliapa," alisema Mwalimu, kwa upole.

"Niliapa."

"Na wewe ndiye uliyesema mwenye kibao ataonwa," alisema Mwaisaka, akiangalia saa yake.

"Nilisema."

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya migomba. Mwaisaka alibakiza dakika sita. Gari la kwenda kijijini lilikuwa linanguruma stendi, likijaza abiria. Tusekile alikuwa ameshaketi chini na kitana mapajani, mgongo wake ukielekea kiti cha mama yake. Na kutoka uwanjani ilisikika sauti ya Mama Lugano ikiwapanga wenzake, akihesabu moja mpaka sita, kisha akianza tena kuhesabu, kana kwamba safari hii watatimia saba.

Daktari Subilaga akakichukua kibao. Akakigeuza huku na huku mkononi.

Nami nakiweka mikononi mwenu hapo hapo. Msiniambie wagawane, kwa maana siku ilikuwa moja, Kyela ni mbali, kijiji kiko upande wa pili wa mlima, na fainali haichezwi nusu. Msiniambie angoje wiki nyingine, kwa maana mwezi ulikuwa unakwisha. Na msiniambie mtafikiri kesho, kwa maana mlipokuwa mnanisikiliza, jua la siku ile lilikuwa linatembea.

Yuko aliyetoa mkono wake miezi saba. Yuko aliyetoa miguu yake mara kumi na moja. Yuko aliyepanga foleni kumwona mama yake mzazi. Na yuko mwenye siku mwenyewe, aliyeapa kuitoa kabla hajaionja.

Haya, semeni upesi: kibao kile kilikuwa haki ya nani?